Mzee hakunitazama machoni. Je, alikuwa ananidanganya?

"Nina miaka 27 na ni mnasihi katika kliniki ya tiba na matunzo kwa wanaoishi na VVU (CTC) ya kituo cha afya wilayani. Kwenye mafunzo tulifundishwa mkao, kumtazama mteja machoni, kutikisa kichwa, kurudia maneno yake. Nayafanya yote. Wiki iliyopita alikuja mzee wa rika la baba yangu, ameacha dawa miezi miwili. Kila nilipomtazama alizidi kuinama. Nilipouliza nyumbani hali ikoje, alicheka, akasema mke wake amefariki. Nikampa pole, nikamweleza umuhimu wa kutoacha dawa, akajibu 'sawa mwanangu' akaenda zake. Mwenzangu mzoefu anasema mtu asiyekutazama anaficha jambo, na kwamba asilimia 93 ya mawasiliano ni mwili, si maneno. Je, mzee alinidanganya? Nitajifunzaje kuusoma mwili wa mteja? Na foleni ikiwa na watu arobaini, huko kusikiliza kwa makini nitakufanya saa ngapi? Mzee anarudi Alhamisi."

Mdogo wangu, kama mzee alikudanganya au hakukudanganya, mimi siwezi kujua kutoka hapa nilipo, na wewe pia usingeweza kujua kwa kuyachunguza macho yake. Lakini umeandika jambo ambalo nadhani hujalipa uzito. Umekumbuka kwamba alicheka, na kwamba kicheko kilitangulia habari ya msiba. Wengi wetu tungeandika kwenye faili "mteja ameelimishwa" na kumwita anayefuata. Jicho unalo. Kilichokupita ni nini cha kufanya na ulichokiona, na hapo ndipo nitakaa zaidi.

Kwanza tumalizane na mwenzako. Ile asilimia 93 nimeisikia kwenye semina nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na karibu kila anayeitaja hajui ilikotoka. Ilitoka kwa mwanasaikolojia Albert Mehrabian wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, katika majaribio mawili ya mwaka 1967. Watu walisikilizishwa neno moja moja lililorekodiwa, mara kwa sauti ya upendo, mara ya kawaida, mara ya chuki. Katika jaribio la pili neno lenye maana ya "labda" liliambatana na picha ya uso. Wakaulizwa: huyu anaonyesha kumpenda mwenzake au kutompenda? Kutokana na majaribio hayo Mehrabian alipata hesabu yake: maneno 7, sauti 38, uso 55. Yeye mwenyewe amekuwa akisema kwamba hesabu hiyo inahusu hisia za kupenda na kutopenda tu, si mazungumzo yote ya binadamu. Mzee alipokwambia "mke wangu amefariki", ujumbe haukuwa mabegani. Ulikuwa kwenye yale maneno matatu.

Na hili la asiyekutazama kuwa mwongo? Mwaka 2006 Charles Bond na Bella DePaulo walikusanya ripoti 206 za utafiti, zenye waamuzi zaidi ya 24,000, kuona watu hutambua uongo kwa kiwango gani. Wastani ulikuwa asilimia 54. Ukirusha shilingi juu utapata 50. Hata watu ambao kazi yao ni kuhoji hawakuwapita wengine. Imani kwamba mwongo hukwepa macho imeenea duniani kote, lakini kila inapopimwa, macho hayasaidii karibu chochote.

Hapa watu wengi hukimbilia jibu la pili: "Ah, ni utamaduni wetu, kuinamisha macho ni heshima." Ni kweli, kumkodolea macho mkubwa ni utovu wa adabu kwetu. Lakini angalia vizuri: mkubwa hapa ni yeye. Mzee halazimiki kukuinamishia kichwa mtoto wa miaka 27. Kwa hiyo jibu la heshima halimtoshi. Huenda ni aibu ya kuulizwa habari za VVU na mtu wa umri wa wanawe. Huenda ni majonzi. Huenda hajala tangu jana, au usiku hakulala. Mimi sijui ni lipi, na kutokujua huko ndiko kunakopaswa kukuongoza. Unachokiona mwilini kichukue kama swali, uliulize kwa upole, usilijibu peke yako kichwani.

Nikupe kisa cha kunicheka. Miaka yangu ya mwanzo, pwani, alinijia mama amejifunga kanga iliyoandikwa "Hasidi hana sababu". Mimi niliyejiona mjuzi nikaanza kumzungushia maswali ya jirani, wifi, mke mwenza. Baada ya dakika kumi akanitazama kwa huruma akasema, "Dada, kanga hii ya shangazi, yangu ililowa na mvua." Alikuja kwa habari ya mtoto wake.

Kuna ishara moja katika maelezo yako ambayo ni wazi kuliko zote, nayo inakuhusu wewe: "kila nilipomtazama alizidi kuinama". Mwili wake ulikuwa unajibu macho yako. Mnasihi mzoefu hahangaiki na orodha ya ishara na maana zake, anaangalia badiliko. Mtu huyu aliingiaje, aliitikiaje salamu, alikuwa anaongea kwa kasi gani kabla ya mada nzito? Kisha nini kilibadilika, na wakati gani? Mtu mwenye asili ya kuangalia chini akiangalia chini hajakwambia chochote. Aliyekuwa mchangamfu tangu mlangoni, kisha mkono ukasimama katikati ya hewa ulipotaja nyumbani, huyo amekwambia.

Sasa ule mkao. Mlichofundishwa bila shaka ni SOLER, kifupi cha Kiingereza cha mambo matano ya mkao wa kusikiliza, ya Gerard Egan, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Loyola kule Chicago, aliyeieneza kuanzia miaka ya 1970: kumkabili mteja, kukaa bila kujikunja wala kufumba mikono, kuegemea mbele kidogo, kumtazama machoni, kutulia. Egan mwenyewe alionya kwamba hizo si sheria, zinapaswa kufuata mtu na mila zake. Onyo hilo hupotea njiani, ikabaki herufi tano za kukariri. Na mtu anayefanya SOLER kama kwata anaonekana. Unajua ukiwa na mtu anayetikisa kichwa huku akili iko kwenye simu? Mteja naye anajua.

Nadhani sisi tunao mkao mzuri zaidi, na umekwishaujua tangu utotoni. Ukienda msibani unafanyaje? Unavua viatu, unaketi mkekani kando ya mfiwa, hamtazamani. Husemi mengi. Kila anayeingia anauliza "ilikuwaje?", na mfiwa anasimulia tena, mara ya ishirini, na hakuna anayemwambia hilo tumeshalisikia. Bega kwa bega, macho yako huru, muda haukimbizwi. Kule Zimbabwe daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006, huko Mbare, Harare, kuwafundisha akina bibi kuketi na wagonjwa kwenye benchi la mbao nje ya kliniki. Ugonjwa wanaouzungumzia wanauita kwa Kishona *kufungisisa*, kufikiri kupita kiasi. Sisi tungesema "ana mawazo". Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, wa watu 573 katika kliniki 24 za Harare, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliokaa kwenye benchi walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa kidogo. Sidai kwamba benchi lenyewe ndilo lililotibu. Bibi hao walikuwa na mafunzo na hatua za kufuata. Nasema tu kwamba hakuna aliyelazimika kukabiliwa uso kwa uso ng'ambo ya meza.

Kwa hiyo toa meza katikati. Weka viti viwili kwa pembe, kama herufi L, ili mzee akitaka kukutazama aweze, na asipotaka awe na ukuta au dirisha la kutazama. Kama chumba ni cha kugawana na mlango hauna komeo, hilo litengeneze kwanza, maana hakuna mkao utakaomfanya mtu ataje VVU huku mhudumu wa stoo anapita kuchukua maboksi.

Nikirudi kwenye maneno: jambo gumu zaidi katika kazi yetu limefichwa kwenye jina lake. Nasaha ni mawaidha. Mnasihi, kwa asili ya neno, ni mtu wa kuusia. Na tunapomwambia mtoto "husikii wewe!" hatuna shida na masikio yake, tunalalamika kwamba hatii. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Tumelelewa kwenye nyumba ambamo mkubwa husema na mdogo husikia. Sasa mpe kijana kiti cha ofisini na koti jeupe: kiti kinampandisha ukubwa, naye anaanza kusema. Mteja, hata mwenye mvi, anajikuta amekalia upande wa wanaosikia. "Sawa mwanangu" ni jibu la mtu aliyeona mazungumzo yamekwisha, akayafunga kwa adabu kwa sababu ni mstaarabu kuliko sisi.

Lipo na jambo la ubongo, na ukilielewa hutajilaumu sana. Mwaka 2009 kundi la watafiti lililoongozwa na Tanya Stivers lilipima maongezi katika lugha kumi za mabara mbalimbali. Pengo kati ya swali na jibu lilikuwa kwa wastani kama sehemu ya tano ya sekunde. Lakini kuandaa kutamka hata neno moja, kama jina la kitu ulichoonyeshwa kwenye picha, huchukua zaidi ya nusu sekunde. Maana yake ni kwamba katika maongezi ya kawaida tunaanza kutunga jibu wakati mwenzetu bado hajamaliza. Kijiweni hiyo ndiyo raha ya porojo. Chumbani kwako ndiyo hasara: mzee alipofika "mke wangu", pole ilikuwa tayari mdomoni mwako, na somo la dawa limejipanga nyuma yake. Hukukosa huruma. Ulikuwa umeshaondoka kwenye sentensi yake kabla hajatoka.

Dawa yake ni kimya, na kimya kinauma kwa sababu hiyo hiyo. Kama mwili umezoea sehemu ya tano ya sekunde, sekunde tano zitakuwa kwako kama nusu saa. Utajisikia mjinga, utataka kusema chochote. Usiseme. Hesabu pumzi zako mbili au tatu. Kimya cha mteja anayetafuta maneno kina macho yanayotembea, midomo inayojaribu, mkono unaosugua goti, hicho kiache. Kimya cha mtu aliyegota, anayekungoja umwokoe, unakisikia baada ya muda, na hapo unaweza kusema kidogo: "Nipo, mzee wangu. Hatuna haraka."

Lugha yetu ina vinogesho vidogo vya thamani ambavyo vitabu vya kigeni havivitaji. "Enhe" yenye sauti inayopanda humwambia mtu endelea. "Mmh" ya chini, ndefu, humwambia uzito umefika. Lakini "ndiyo ndiyo ndiyo" ya haraka humwambia maliza tupishane. Na kusonya, hata ukimsonyea nzi, mteja ataamini umemsonyea yeye. Pole nayo: iseme, ni lazima, asiyesema pole kwetu si mtu. Ila isiwe na mkia. "Pole sana mzee, ila dawa..." Hiyo "ila" inafuta pole yote. Vivyo hivyo "ni kazi ya Mungu" na "jikaze, wewe ni mwanaume". Hata kama yeye mwenyewe ni mcha Mungu, mwache alitaje jina hilo kwanza.

Kuhusu kurudia maneno ya mteja, naona wengi wamekuwa kasuku. "Nasikia mke wako amefariki." Ndiyo, ndivyo alivyosema! Mwanasaikolojia wa Marekani Carl Rogers, ambaye yeye na Richard Farson waliandika mwaka 1957 kuhusu kusikiliza kwa namna hii, alichoshwa na jinsi watu walivyoigeuza mbinu ya mwangwi. Mwaka 1986, mwaka mmoja kabla ya kufa, alieleza kwamba yeye hakuwa akijaribu kurudisha hisia za mtu. Alikuwa anahakiki kama amemwelewa sawasawa. Tofauti iko kwenye sauti inayoishia juu kidogo na utayari wa kukosolewa: "Naona kama tangu mama aondoke, hata kumeza dawa kumekosa maana. Au sivyo?" Akisema sivyo, umefaulu, maana sasa atakwambia ilivyo.

Na kile kicheko? Watu hucheka wakitaja mambo mazito kwa sababu nyingi: kulegeza kitu kinachokaba kooni, kukulinda wewe usione uchungu wake, au kupima kama wewe ni mtu wa kuambiwa. Wanaume wa rika lake wamefundishwa kwamba machozi hayatoki mbele ya watu, basi kitu kinatafuta mlango mwingine. Usimwambie "mbona unacheka?" Hiyo ni mashtaka. Usicheke naye pia, kwa sababu atakubali mchezo huo na mtaucheza mpaka mwisho.

Lakini lipo jambo linalonisumbua kuliko kicheko. Mtu aliyefiwa na mke, aliyeacha dawa za kufubaza VVU kwa miezi miwili: je, anataka kuishi? Huenda dawa zilikatika kwa sababu mkewe ndiye aliyekuwa akimkumbusha, au kwa sababu ya nauli, au alificha kopo la dawa ili ndugu waliojaa msibani wasilione. Huenda pia ameamua polepole kuacha kila kitu. Uliza. Shirika la Afya Duniani linaeleza wazi kwamba kumuuliza mtu kuhusu kujiua hakumtii wazo hilo kichwani. Mara nyingi humpa nafuu. Uliza kwa Kiswahili cha kawaida: "Mzee wangu, kuna siku unatamani usingeamka?" Akijibu ndiyo, endelea: umewahi kufikiria kujidhuru, umepanga namna, uko na nani nyumbani? Hapo usibaki peke yako. Usimwache atoke, mwite tabibu siku hiyo hiyo, kwa ridhaa yake mtafute ndugu wa kurudi naye nyumbani na kuondoa vitu vya hatari karibu yake, na apewe rufaa kwenda kwa wataalamu wa afya ya akili wa hospitali ya wilaya au mkoa. Usiri una mpaka hapo, na mweleze hivyo. Kwa wateja wengine, ukisikia ukatili, njia ni Dawati la Jinsia na Watoto la polisi au kituo cha Mkono kwa Mkono (cha huduma kwa waliofanyiwa ukatili) kilicho karibu, na kwa mtoto ipo namba ya simu 116.

Kabla hujalihusisha kila jambo na moyo, jiulize pia kuhusu mwili wenyewe. Mzee anayeinama na kujibu "sawa" kwa kila kitu huenda hasikii. Ametibiwa kifua kikuu? Sindano kama streptomaisini na kanamaisini huweza kuharibu masikio. Uso mkavu usioonyesha hisia waweza kutokana na dawa za magonjwa ya akili kama haloperidoli, au ugonjwa wa Parkinson. Mwombe akueleze kwa maneno yake mliyokubaliana. Akishindwa, rudia ukiwa karibu zaidi, kisha mpeleke kwa tabibu. Kwa tabibu atakwenda hata hivyo: miezi miwili bila dawa inahitaji uchunguzi na kipimo cha wingi wa virusi, hilo wewe hulimalizi kwa maongezi.

Foleni sasa. Mwaka 1984 Howard Beckman na Richard Frankel waliripoti kwamba madaktari wa Marekani waliwakatiza wagonjwa, kwa wastani, baada ya sekunde 18. Miaka baadaye, huko Basel, Uswisi, madaktari waliombwa wakae kimya tu hadi mgonjwa amalize maelezo yake ya mwanzo. Ripoti ilitoka mwaka 2002. Wagonjwa walikuwa 335. Wastani ulikuwa sekunde 92, na karibu wanane kati ya kumi walimaliza ndani ya dakika mbili. Kwa watu arobaini hiyo ni kama saa moja. Saa moja si ndogo, sitakudanganya, na wapo watakaokwenda dakika kumi. Ila wengi wa arobaini wako wamekuja kuchukua dawa na hawana neno. Dakika zako mbili za kimya wape waliokatiza dawa, waliopimwa karibuni, na yule ambaye leo hafanani na mwezi jana. Na kama siku imejaa kabisa, sema ukweli: "Jambo lako ni zito, leo nina dakika tano, Alhamisi nitakuwekea nusu saa." Hiyo ni bora kuliko nusu saa ya kutazama saa ya ukutani.

Umeuliza utajifunzaje. Si kwa video za "siri za lugha ya mwili". Tafuta wenzako wawili. Mmoja asimulie jambo dogo la kweli kwa dakika tatu, mwingine asikilize bila kuuliza swali hata moja, wa tatu aangalie tu: nani alijikuna, nani alikatiza, wapi sauti ilishuka. Kisha badilishaneni. Dakika tatu bila swali zitakutoa jasho. Na mwombe mnasihi mkuu akae nawe chumbani mara moja kwa mwezi, mteja akiridhia. Ukianza kuota habari za wateja usiku au kuwachoka kabla hawajaketi, usingoje mwezi uishe.

Alhamisi, basi. Simama akiingia, mwamkie shikamoo kabla ya faili kufunguliwa, na ungoje marahaba yake ikamilike. Kaeni kwa pembe. Kalamu iwe mezani, simu iwe kwenye droo. Mwambie: "Mzee wangu, juzi uliniambia mama amefariki, nami nikakurupukia habari za dawa. Nisamehe. Ilikuwaje?" Kisha tazama ukuta ule ule anaoutazama yeye.